Wanaomwamsha Kapteni

Asubuhi ya kwanza Keziah alidhani siagi imeharibika. Akafunua chombo akanusa, akanusa mkate, mwisho akanusa nywele zake mwenyewe. Jiko zima lilinuka baruti iliyoungua, ilhali gobori la nyumba lilikuwa juu ya meko, halijaguswa tangu mumewe arudi kutoka vitani wiki tatu zilizopita.

Asubuhi ya pili alikuta kitu nje ya dirisha la chumba cha kulala: kipande cha sufu kilichoungua kingo, kile ambacho wanamgambo hushindilia juu ya baruti ili risasi isianguke. Kilikuwa cha buluu. Alikipeleka kwenye mwanga akakagua mishono yake, akaiona ile kasoro ya mkono wake mwenyewe katika kila safu ya nne. Kilitoka kwenye fulana aliyomfumia kaka yake Asahel, na Asahel hakurudi.

"Umekitoa wapi hicho?" mama mkwe wake, Bi Dorcas, aliuliza nyuma yake.

"Dirishani, mama."

"Tia motoni. Na Jotham asikione."

"Kwa nini asikione?"

"Mwanangu, si kila kitu cha kuuliza."

Keziah alikitia mfukoni mwa aproni.

Jotham Pell, mumewe, alikuwa kapteni wa mgambo wa Wendmoor. Alikuwa ameeleza mbele ya kanisa zima kwamba aliwaacha watu watano kwenye kivuko ili kikosi kipate kupanda mlima, na kwamba watano hao walipoona makoti mekundu ya askari wa mfalme walitimua mbio, wakapigwa risasi za mgongo wakaanguka mtoni. Asahel alikuwa mmoja wao. Pasta aliposoma majina ya waliokufa kwa heshima, hakusoma hayo matano. Na Jumatatu kikosi kingekusanyika tena, kiende vitani chini ya Jotham yuleyule, pamoja na Silas, ndugu wa mwisho aliyembakia Keziah.

Wendmoor walikuwa na desturi yao. Kapteni alichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na siku ya kikosi kukusanyika, kabla jua halijachomoza, watu wake walikuja kumwamsha kwa kupiga bunduki chini ya dirisha lake. Naye alipaswa kutoka na shati lake la kulalia, mtungi wa ramu mkononi, awanyweshe. Asiyetoka si kapteni. Miaka yote Jotham alitoka akicheka kabla moshi haujatawanyika.

Sasa kila alfajiri Keziah alimhisi akikakamaa kitandani kabla ya sauti kuja. Ilikuwa milio mizito, iliyofifia, kama ya bunduki zinazopigwa chini ya maji.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Sijasikia kitu."

"Nimehesabu tano."

"Nimekwambia sijasikia!"

Mtu ambaye hakusikia, aliwaza Keziah, angeuliza tano za nini.

Jumapili Silas alipita baada ya ibada, kofia imekaa upande.

"Dada, mwambie shemeji kesho ramu iwe ramu. Ile ya mwaka jana hata samaki angeishi humo."

"Silas, usiende na huyu mtu."

"Huyu mtu ndiye mumeo, au umemsahau?"

"Asahel hakukimbia."

Kicheko kikatoweka usoni mwa Silas. "Una ushahidi?"

Vidole vya Keziah viligusa sufu mfukoni. Angesema nini? Kwamba marehemu anatupa vitambaa dirishani? "Bado," alisema.

"Basi nitakwenda. Nikibaki watasema ukoo wetu wote ni wa waoga."

Alfajiri ya Jumatatu harufu ilikuja kwanza, kali kuliko siku zote, ikifuatana na ubaridi wa tope la mto, kisha milio, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, na safari hii haikuishia hapo, kwa maana zilifuata hatua zilizolowa, zikizunguka nyumba polepole kutoka dirishani hadi mlangoni, zikasimama, na kitu kikaanza kudondoka matone juu ya jiwe la mlango, kwa utulivu wa watu waliozoea kungoja.

"Wanakutaka wewe," Keziah alisema.

Jotham alikuwa amejifunika uso. "Niliwaambia wasubiri ishara," alinong'ona chini ya blanketi. "Tukifika juu nitapiga bunduki mara moja, ndipo nao waondoke. Tulifika, Keziah. Nikaogopa adui atajua tulipo. Sikupiga."

"Nao wakangoja."

"Waliendelea kupiga mpaka baruti ikaisha. Niliwasikia."

Bi Dorcas alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, mshumaa mkononi. "Nyamaza, Jotham! Mwache, mke wa mwanangu, wataondoka kama siku zote."

Keziah alishusha gobori kutoka juu ya meko, akaliweka kitandani. "Ndugu yangu mmoja bado anakusubiri hapo nje. Wa pili, Silas, hutampata. Wape ishara yao."

Alimtazama akishindilia baruti. Jotham akatoka na shati lake la kulalia, miguu mitupu, mlango ukajifunga nyuma yake. Mlio mmoja ukapasuka, safi, wa juu ya ardhi. Matone yakakoma. Harufu ikaondoka jikoni kana kwamba mtu ameikunja akaibeba.

Keziah alingoja mumewe aingie. Hakuingia.

Jua lilipoanza kuchungulia, kikosi kilifika kikichekacheka, wakapiga bunduki zao chini ya dirisha, wakasubiri. Keziah ndiye aliyefungua mlango, mtungi mkononi. Gobori lilikuwa limelala juu ya jiwe, mtutu ungali wa moto.

"Kapteni hajaamka?" mmoja aliuliza.

"Ameshaamshwa. Na mjue wote: watano wa kivukoni hawakukimbia. Walikuwa wanangoja ishara yake."

Hakuna aliyecheka tena. Silas alikuwa amechuchumaa njiani, akitazama umande ulioganda kwenye majani, ambako nyayo zilitoka upande wa mto na kurudi huko.

"Dada," alisema taratibu, "waliokuja ni watano."

"Ndiyo."

"Mbona walioondoka ni sita, na mmoja hana viatu?"