Maji ya Kuamshia Pampu

Maji ya kwanza ya pampu mpya yalitoka ya uvuguvugu, yakinukia kama mdomo wa mtoto aliyetoka usingizini. Hakuna aliyejali. Watu waliokunywa bwawa moja na ng'ombe tangu wazaliwe, harufu ingewashtua? Walirushiana maji, wakacheza, na fundi wa pampu akabebwa juujuu kama bwana harusi.

Pampu ilipokuwa ikifungwa, fundi ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Binti yake wa pekee alikuwa anaharisha kwa maji ya bwawa, na pampu iligoma kuvuta. Pampu ikigoma hutiwa maji kidogo kwa juu ili iamke. Maji safi yaliyokuwapo ni yale ya kuchemsha, kikombeni mwa mtoto, aliyekwisha kuyanywa nusu. Akayamimina ndani ya pampu, nayo ikavuta.

Watoto wa kijiji kizima wakapona. Wa fundi akazidi kukauka: midomo ikapasuka, macho yakadidimia, machozi yakakatika.

"Mume wangu, sikiliza," mkewe alinong'ona. Kule kisimani mkono wa pampu ulilia kwii, na mtoto akajikunja kitandani. Kwii. Akajikunja tena. "Wakiteka ndipo anapoumia."

Mganga aliletwa. Alinusa kikombe, akakiweka chini upesi.

"Kuna jini huko chini. Mmemwonjesha mate ya huyu mtoto. Kila ndoo mnayoteka, maji yake anayavuta humu," akasema, akionyesha kitandani. "Ng'oeni mabomba, mzibe shimo kabla jua halijatua."

Fundi alichukua spana akatoka mbio, na njia nzima alisikia chini ya ardhi, chini ya nyayo zake mwenyewe, kitu kikimeza funda baada ya funda, kikihema, kikimwita "baba" kwa sauti ileile ya binti yake, hata akafika kisimani akilia waziwazi mbele ya foleni ya wanawake, wala hakuona haya.

"Acheni kuteka! Jini anamnywa mwanangu!"

Walimwamini. Hofu ilionekana machoni mwao, lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Dada yake wa tumbo moja, mtoto mgongoni, akasimama kati yake na pampu.

"Wangu nilishamkatia tamaa, kaka. Leo anacheka."

"Dada, nakupigia magoti."

"Tukirudi bwawani tutazika wangapi?" Na yeye alikuwa analia.

Wanawake wakamshika fundi mikono, taratibu, kama anavyoshikwa mfiwa. Dada akatega ndoo yake, akashika mkono wa pampu, akaubonyeza.