Jina la Mwalimu

Kila asubuhi Twaiba alivaa sare, akanywa chai kwa mahamri mawili, kisha akatembea ukingoni mwa barabara kuu ya Msambweni hadi shuleni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Miaka tisa kati ya hiyo aliishi Denmaki, mpaka baba yake alipofariki na kibali chao cha kukaa kule kikaisha. Sasa yeye na mama yake walipanga chumba kimoja.

Wiki ya kwanza, wakati wa somo la hesabu, aliinua mkono.

"Jefwa, hapa sijaelewa," alisema.

Darasa liliangua kicheko. Mwalimu Jefwa, mzee aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu, aliweka chaki mezani.

"Umeniitaje?"

"Jefwa. Si ndilo jina lako?"

Mwalimu alimtoa nje. Twaiba alisimama juani hadi kengele ya mapumziko, asijue kosa lake. Tangu siku hiyo wenzake walimwita Mzungu, naye akaacha kuongea. Hakumsalimu mtu, kwa kuogopa kukosea tena. Walimu wakasema ana kiburi.

Mama yake, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani, alipata ruhusa kazini baada ya wiki tatu. Wakaenda pamoja kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Mtoto huyu hakukudharau. Alikokulia, wanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake, na mwalimu hufurahi. Kosa ni langu, sikumfundisha."

Mwalimu Jefwa aliwasogezea viti.

"Nilidhani ananiona si kitu kwa kuwa ametoka Ulaya," alisema. "Ilinipasa nimuulize kwanza. Twaiba, uniwie radhi."

"Shikamoo, mwalimu," Twaiba alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu."

Mambo ya darasani yalitulia, ingawa wenzake hawakuacha kumwita Mzungu. Jumamosi moja Karin, mwalimu wake wa zamani, alipiga simu kutoka Denmaki. Twaiba alikuwa akimkumbuka kila siku.

"Nakusikia, mwalimu," alisema kwa Kideni.

Karin alisita. "Mbona huniiti Karin? Nimekukosea nini?"

Twaiba alijaribu kueleza, lakini maneno ya Kideni yalimpotea. Baada ya dakika chache waliagana kama watu wasiojuana.

Mama alimvuta karibu.

"Kule, jina ndiyo mapenzi. Huku, kumwita mkubwa kwa jina tupu ni kumvunjia heshima. Wala wao si wabaya, wala sisi. Kabla hujafungua kinywa, jua uko kwa nani, umwite anavyopenda kuitwa."

"Na kule hatutarudi?"

"Hatutarudi."

"Basi Karin nimwiteje?"

"Mwite Karin," mama alisema polepole. "Akipiga tena."

Twaiba alisubiri Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Simu haikulia.