Kidole cha Kwanza

Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi, ikanyamaza katikati ya ziwa Kivu. Willy aliivuta kamba mpaka viganja vikamuwaka. Nyuma yake mvua ilikuwa inakuja juu ya maji, nyeupe, na kishindo chake kilifika kabla yake.

"Tonton, kaa chini! Maman Lucie, shika ubao!"

Mtumbwi ulikuwa na watu watatu. Lucie Nsimire, mwalimu wa jiografia kutoka Nyalukemba, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini asiyejua kuahirisha jambo. Évariste, mjomba wake waliyemwita tonton, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amekuja kwa sababu alikatazwa kuja. Na Willy wa Bagira, mwenye chombo, alizoea kubeba ndizi na mihogo, si watu wenye madaftari. Walikuwa wanarudi kutoka kisiwa cha Ibinja. Lucie alitaka kuutazama mji wake kutoka majini, auchore.

Ndiyo, auchore. Novemba 1999, vita ikiwa katika mwaka wake wa pili, mji uko mikononi mwa askari, na Lucie anaandika kitabu cha kuwaongoza wageni mtaa kwa mtaa. Walimu wenzake walimcheka mpaka machozi. "Watalii gani, Lucie? Wale wenye bunduki?" Akawajibu kwamba hao hawahitaji kitabu, wanaingia popote bila kuuliza njia. Kisha akaendelea kutembea. Alipanda vilima vya Kadutu mpaka viatu vikaachama midomo. Alihesabu nyumba za Bagira zilizofanana kama mapacha, kila moja na kijishamba chake cha maharage. Hakuna aliyeujua mji ule kama yeye, na hilo alilisema mwenyewe bila haya.

Mvua iliwafikia. Wimbi la kwanza liliwalowesha, la pili liliinua mkia wa mtumbwi, na la tatu likaing'oa injini kwenye kishikio chake. Chuma kile kilizunguka kikampiga Évariste kwenye mfupa wa mguu, kisha kikatumbukia. Mzee alitazama mguu wake uliopasuka kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Lucie alifungua kitenge chake cha juu, akakizungusha chini ya goti na kukaza kwa meno na mikono.

"Inauma, tonton?"

"Funga nguvu. Usiniulize."

Willy alikuwa anakumba maji kwa bidoni, dumu la plastiki lililokatwa. Lucie alikandamiza jeraha kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akakumba kwa sufuria waliyopikia Ibinja. Alikuwa anaogopa, tena sana, lakini mikono yake haikuwa na habari hiyo. Kwa muda wa saa nzima upepo wa kaskazini uliwasukuma asikotaka mtu.

Mvua ilipopita ilikuwa saa kumi na nusu. Ziwa lilitulia, ukungu ukabaki juu ya maji, na mbele yao kukatokea ncha za nchi kavu, moja hapa, nyingine kule.

"Ni mji," alisema Willy. "Tumefika karibu."

"Turudi Bagira?" aliuliza Lucie.

"Bagira iko mbali, na bila motere? Giza itatukuta. Nawe unajua kisha saa kumi na mbili ni nini."

Alijua. Saa kumi na mbili jioni ziwa lilifungwa kwa amri ya askari, na mtumbwi uliokutwa majini baada ya hapo ulipigwa risasi kwanza. Kitenge kilikuwa kimeloa damu. Lucie alimwinamia mjomba wake.

"Tonton, uliwapimia watu viwanja pembeni ya maji miaka yote. Wapi wanapokea mugonjwa?"

"Kwa masista," alinong'ona mzee. "Mtumbwi ya mugonjwa, pale hawairushie masasi. Kidole ya kwanza. Kuko ngazi ya mawe." Kisha macho yake yakafumba.

Kila mtoto wa Bukavu anaambiwa kwamba mji wake ni mkono, rasi tano zilizonyooshwa ziwani kama vidole. Asubuhi ile Lucie alikuwa ameuchora mkono huo kwenye daftari na kuvipa vidole namba kuanzia dole gumba, kama alivyofundishwa na kama anavyofundisha. Dole gumba lilikuwa mashariki, upande wa Nguba, karibu na pale Ruzizi unapotoka ziwani. Hakuwa na shaka hata kidogo.

"Kushoto," alisema.

Willy aling'oa mbao mbili za kukalia, wakapiga kasia. Walikwenda vizuri. Walikwenda vizuri kuliko nguvu zao, na Lucie akafurahi, akadhani ni ujasiri.

Évariste alizinduka akiomba maji. Lucie alichota ya ziwa kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo asije akatapika, akamwambia ayahesabu ili asilale. Mzee aliinua mkono wake. Alikunywa, akakunja kidole kidogo.

"Moja."

Alikunywa tena, akakunja kile kinachofuata.

"Mbili."

Lucie aliutazama mkono ule. Dole gumba lilikuwa bado limesimama, likingoja kuwa la tano. Wazee wote wa kwao walihesabu hivyo. Mama yake alihesabu mayai hivyo, marehemu baba yake alihesabu mbuzi hivyo, naye alikuwa amekaa kati yao maisha yake yote, akaenda kusoma shule, akasahau kwamba kwao kidole cha kwanza ni kile kidogo. Na kidole kidogo cha mji kilikuwa magharibi, mkono wa kulia.

"Willy! Simama!"

"Kwa sababu gani?"

"Sikiliza."

Ndani ya ukungu kulisikika malori yakibadilisha gia na mapipa yakibingirishwa. Sauti hizo alikuwa ameziandika kwenye ukurasa wa Nguba, miezi mitatu nyuma, akiwa amekaa kwenye jiwe karibu na mpaka. Willy aliokota ganda la ndizi lililonasa chini ya mbao, akalitupa majini. Halikuelea pale lilipoanguka. Liliwatangulia kuelekea kushoto, bila haraka, mahali ambapo mto unaanza na bwawa la umeme linangoja chini.

"Mungu wangu," alisema Willy. "Ruzizi iko inatuvuta."

"Ni kosa yangu. Geuza."

Walipiga maji yaliyowavuta nyuma mpaka mabega yakawaka moto, hatua mbili mbele, moja nyuma, Lucie akipiga magoti kwenye maji mekundu. Ngozi ya viganja ilitoka. Kisha, taratibu, ule mvuto ukaachia.

Sasa ilibidi wapite mbele ya mkono wote, na ukungu haukuonyesha kitu zaidi ya kivuli. Lakini Lucie alikuwa ameitembelea kila rasi kwa miguu, na miguu haisahau.

"Mikaratusi, unaisikia harufu? Muhumba hiyo. Songa."

Baadaye aliona ukuta mrefu uliozama mguu majini, na bugenvilia juu yake. "La Botte. Mwenye nyumba ile ana mbwa watatu, alinikataza kuchora geti yake." Mmoja wa mbwa alibweka, na Willy, ulimi nje kwa uchovu, akacheka. Kuba la kanisa kuu lilijitokeza kidogo juu ya ukungu, na Lucie akaliacha kwa mkono wa kushoto. Alimwambia mjomba wake kila mtaa waliopita, kwa sauti kubwa, kama anayeongoza wageni.

"Uko unasikia, tonton?"

"Niko. Songa."

Kengele ya saa kumi na mbili ilianza kulia wakati ncha ya mwisho inatoka kwenye ukungu, na chini yake ngazi ya mawe. Juu ya ukuta kukasikika bunduki ikikokiwa.

"Nani wana?" aliuliza askari kwa Kilingala, yaani nani yuko hapo.

Lucie alisimama wima ndani ya mtumbwi, hana kitenge, viganja vinavuja damu, akajibu kama anayeita majina darasani: "Mugonjwa! Kwa masista! Nawe shuka utusaidie kumubeba!"

Kisha buti zikasikika zikishuka ngazi.

Sista Noëlla alimshona Évariste mguu kwa nyuzi kumi na tisa. Siku ya nne mzee aliomba daftari, akakitazama kile kilichochorwa, akalirudisha.

"Umeandika namba mbaya."

"Najua, tonton. Miaka yote hii sikukuuliza unahesabu aje." Aliona aibu, na hakuificha. Alifuta namba zote tano akaziandika upya kuanzia kidole kidogo.

Willy, aliyekuja kumtazama mgonjwa na kumletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, alichungulia begani kwake.

"Na wageni watakuja lini kusoma hii kitabu, maman Lucie?"

"Wasafiri watatu walikwisha kuitumia," alisema Lucie. "Na wote ni wazaliwa wa hapa."