Mibangi Katika Shamba la Bi Mize

Mibangi ilikuwa mirefu kuliko Inspekta Hibo Salat. Ilisimama katikati ya mahindi, minene, mibichi, yenye afya ya kutia wivu, na harufu yake ilikuwa imeshavuka ua na kuwafikia abiria wa kituo cha treni cha Northfield, jijini Birmingham.

"Shamba la nani?" aliuliza Inspekta.

"La huyu hapa," alijibu Sajini Kulwinder. "Bi Mize, Mzanzibari. Aliyetupigia simu hakutaja jina."

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajipepea kwa upindo wa kanga. Alikuwa amekasirika kuliko alivyoogopa.

"Inspekta, mwanangu, mimi nilikuwa Unguja tangu Mei, namwoza binti yangu. Nimerudi jana. Leo naja kutazama maboga yangu, nakuta msitu wa wahuni!"

Ilikuwa Septemba 2018. Vipande vile vya kulima vilikuwa vya halmashauri ya jiji, na sharti lake halikuwa na mchezo: mwenye kipande akipatikana na kosa la jinai, ananyang'anywa. Kamati ya wakulima ilishakusanyika langoni, inasubiri neno la Inspekta. Akisema mibangi ni ya Bi Mize, mama huyu angetoka na pingu, na shamba alilolilima kwa mikono yake tangu afiwe na mume angepewa mtu mwingine.

"Ulipokuwa Unguja, nani alimwagilia?"

"Majirani. Raphaël upande huu, Mzee Mwadini upande ule. Kwa zamu."

Raphaël aliitwa kwanza. Alikuwa dereva wa basi, Mkongomani wa Lubumbashi, na viatu vyake vya shambani vilikuwa safi mno.

"Uliiona mimea hii?"

"Niliionaka, madame."

"Ukanyamaza?"

"Nilizania ni sombe."

"Sombe? Mkongomani mzima hujui jani la muhogo?"

"Naijua ku sahani, madame! Mama alikuwa ananunuaka ile imeshatwangwa. Jani zima, mie niliionea wapi?"

Bi Mize aliangua kicheko, akasahau kwamba yeye ni mshukiwa. Inspekta alijiuma mdomo.

"Na kulima ulijifunza wapi?"

"Ku telefone. Video inasema, mie nafanya. Video ikinyamaza, na mie nanyamaza."

Inspekta aliinama, akachota udongo. Ulikuwa mweusi, laini, umechanganywa na majivu na samadi ya farasi iliyoiva vizuri. Kila shina lilikuwa na kijiti chake, limefungwa kwa kamba iliyolegezwa ili lisikatwe ngozi. Hii haikuwa kazi ya mhuni. Mhuni hana subira hiyo.

Kulwinder alikata simu. "Mtaalamu wa maabara amezitazama picha. Anasema bangi hii haiuziki, imejaa mbegu. Wanaolima kwa kuuza hung'oa madume mapema. Kila video inasema hivyo. Hapa wameachia dume moja, katikati kabisa."

"Na ndilo lenye samadi nyingi kuliko yote," alisema Inspekta polepole.

Aliitazama mibangi, lakini alichokiona kilikuwa shamba la baba yake kando ya mto Tana, kule Garissa. Baba alikuwa akifyeka mipapai dume yote, isipokuwa mmoja. Huo aliulisha kama mwana, kwa sababu bila huo majike hayazai.

"Kulwinder, aliyepanda hapa hajui bangi. Anajua mapapai. Niitie Mzee Mwadini."

Mzee Mwadini alikuja na kofia yake ya kiua, mkono mmoja nyuma, kama mkaguzi.

"Mzee, kwenu Pemba mlilima nini?"

"Uliza tusicholima! Mapapai yangu mimi yakibebwa na watu wawili."

"Mashallah. Basi nisaidie. Huyu aliyepanda hapa ni mkulima ovyo kabisa, au sivyo?"

Mzee alikohoa. "Ovyo vipi?"

"Tazama. Mmea ule wa katikati hauna faida yoyote. Angekuwa na akili angeung'oa. Sajini, ung'oe."

"Ebo! Usiuguse!" Mzee alipiga hatua mbele. "Ukiung'oa dume, hayo majike yatazaa nini? Hewa?"

Hata Raphaël alielewa.

"Mzee wangu," alisema Inspekta, "neno dume limetoka kinywani mwako, si mwangu. Vijiti hivi vina alama za vidole. Nivipeleke maabara, au utasema mwenyewe?"

Mzee Mwadini alivua kofia. "Mbegu nilizipata katika chakula cha ndege. Nilitaka kupanda miwili mitatu tu, mibovu mibovu, niwapigie simu. Lakini nilipoiona inadhoofika..." Aliyatazama mashina, na sauti yake ikalainika. "Mimi siwezi kuuacha mmea ufe na njaa, mwanangu. Siwezi."

"Kwa nini, Mwadini?" aliuliza Bi Mize.

"Jua!" Mzee alilipuka. "Kipande changu kimefunikwa na miti ya kando ya reli. Birmingham yenyewe jua la kubahatisha, na lote linakuangukia wewe. Wewe una maboga, mimi nina kuvu! Wakikufukuza, wa kwanza kuomba hapa ni mimi."

"Ungeniambia. Ningekumegea upande wa ukutani."

"Mimi? Nimuombe jua mwanamke wa Unguja?"

Inspekta aliigeukia kamati, akasema kwa kifupi: "Bi Mize hana hatia." Langoni watu walipiga makofi.

Kulwinder alimshika Mzee mkono kwa adabu, akamwingiza garini. Bi Mize alilifuata gari mpaka dirishani.

"Nyanya zako nitakumwagilia, mpumbavu we. Zikipata nguvu, nitazihamishia kwangu juani."

Mzee Mwadini aligeuza uso asionekane. Kisha gari lilipoanza kuondoka, alitoa kichwa nje.

"Asubuhi, Mize! Na umwagie mizizi, si majani!"