Karatasi ya Ukoo wa Seremala

Wajukuu zangu, na ninyi majirani mnaojua kusoma, sogeeni. Jambo hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo nimekaa kitini likitokea, na sehemu yake mbaya kuliko zote niliifanya mimi kwa ulimi wangu.

Kaka yangu alikuwa seremala. Alijenga nyumba ya vyumba vinne, milango yote kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja uliolia bawaba. Alipofariki aliacha watoto wawili. Mkubwa ni mwanamume, tulimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi yake. Anashinda kwenye mafaili, na hata nyumbani huongea kama mtu anayegonga muhuri. Wa pili ni binti, mshonaji, tulimwita Fundi. Huyu hakuondoka nyumbani. Chumba cha mbele kilikuwa karakana yake: cherehani mbili, kioo cha wateja, na meza ndefu ya kukatia vitambaa aliyotengenezewa na baba yake. Alimuuguza mama yake hadi pumzi ya mwisho, kisha akamuuguza baba yake miaka mitatu. Karani alikuwa akifika mwisho wa mwezi, anasema "poleni sana," anatazama saa, anaondoka.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, Karani alikuja na wazo.

"Wazee wanatuishia," alisema. "Tuandike ukoo wetu wakati bado kuna wa kuuliza."

Lilikuwa wazo zuri, na mpaka leo nasema lilikuwa zuri. Fundi aliunganisha kwa gundi karatasi zake za kahawia, zile anazochorea vipimo, zikawa karatasi moja kubwa iliyofunika meza nzima. Kila Jumapili alasiri tulikusanyika watu saba au wanane, chai mezani, miguu imevuliwa viatu, tukitaja majina ya waliotuzaa.

Mimi ndiye niliyeweka sheria. Jina lililotoka mdomo mmoja liliandikwa kwa penseli. Likipata mdomo wa pili wa kulithibitisha, Fundi alipita juu yake kwa wino. Na jambo la penseli lilikuwa marufuku kutoka nje ya chumba kile. Wote wakakubali, kwa sababu kila ukoo una mambo yake ya penseli.

Tulicheka sana siku zile. Palikuwa na mzee mmoja, binamu ya baba yangu, tulimwita Babu Redio maana hazimiki. Fundi akamuuliza, "Babu, baba yako alikuwa na wake wangapi?"

"Unataka wa kuhesabu au wa kukiri?"

"Wote, Babu."

"Basi ongeza karatasi, mwanangu."

Nami nikiona wamechoka, nawategea kitendawili. Siku moja niliwaambia: "Ukiwa nacho peke yako ni kizima, ukimmegea mtu mmoja tu kimekwisha."

"Mkate!" akasema Fundi.

"Mkate ukimmegea mtu kinabaki kipande. Nipe mji."

"Haya, chukua mji huu huu, pamoja na maji yake yanayokatika."

"Siri," nikamwambia, tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Fundi ndiye aliyeipenda kazi ile kuliko sote. Alifunga duka siku mbili, akapanda mabasi mawili kwenda kumuuliza bibi mmoja kipofu jina moja tu. Aliporudi hakungoja hata kuweka mkoba chini.

"Shangazi! Nimempata mama yake babu! Alikuwa mfinyanzi, watu walitoka mbali kufuata vyungu vyake. Tazama vidole hivi. Nilikuwa najiuliza nimevitoa wapi!"

Nilimtazama vidole, nikamwambia vizuri sana mwanangu. Moyoni nilihisi kama nimekanyaga mahali pasipo na sakafu. Kwa sababu nilijua neno ambalo yeye hakulijua.

Karani alinijia chumbani kwangu asubuhi ya Jumanne. Haikuwa kawaida yake. Alivua viatu mlangoni, akanisalimu kwa adabu, akaketi karibu, akatoa kadi ya zamani ya hospitali.

"Shangazi, nimeikuta kwenye sanduku la marehemu mama. Inasema alitolewa kizazi. Mwaka ni huu. Na Fundi alizaliwa miaka miwili baadaye. Nimekokotoa na kukokotoa, hesabu haikubali."

"Mwanangu, yaache hayo."

"Nani mwingine wa kuniambia, Shangazi? Wewe ndiye kichwa chetu. Nisije nikaandika uongo kwenye karatasi ya ukoo. Angalia, naandika kwa penseli. Ukisema nifute, nafuta."

Niwaambie ukweli: nilifurahi kuulizwa. Mzee akiulizwa hujiona bado yumo duniani. Na ile penseli mkononi mwake ilinitoa hofu. Sheria ni yangu mwenyewe, nikawaza, nani ataivunja?

Basi nikafungua mdomo. Nikamweleza kwamba mama yake alikuwa akifua mashuka katika wadi ya wazazi. Siku moja aliingia mwanamke peke yake, akajifungua, akafa, na hakuna ndugu aliyekuja. Wifi yangu alikaa na yule mtoto wiki mbili palepale wadini, kisha akamleta nyumbani amemfunga kwenye shuka la hospitali. Kaka yangu alimpokea, akasema, "Hajaja na mtu wa kumdai, basi ni wetu." Tulikuwa tumehamia mtaa ule juzijuzi, hakuna jirani aliyejua hesabu ya tumbo la mtu.

"Wewe ulikuwa na miaka mitatu," nikamwambia Karani. "Ulilala peke yako, ukaamka una dada. Tuliojua tulikuwa watatu, na wawili wako kaburini."

Karani aliandika polepole. Akanibusu mkono. "Ahsante, Shangazi. Hili limeishia hapa."

Limeishia hapa! Jumapili mbili hazikupita akaitisha kikao cha ukoo. Tulikodi viti. Walikuja watu kama thelathini, wengine ninyi mnawafahamu. Fundi alikuwa amevaa gauni jipya, akizunguka na birika la chai, amefurahi kwa sababu aliambiwa leo karatasi yake itaonyeshwa kwa watu.

Karani akagawa nakala zilizotolewa mashine. Na mashine, wajukuu zangu, haijui penseli wala wino. Vyote huvitoa kwa weusi ule ule. Fundi aliweka birika chini akachukua nakala yake. Nilimwona akishuka kwa kidole, kizazi kwa kizazi, mpaka kwa baba yake. Mstari mmoja ulishuka kwa Karani. Pembeni, bila mstari wowote, palikuwa na jina lake na maneno mawili: "alilelewa tu."

"Karani, hapa umekosea," alisema. Alikuwa bado anatabasamu.

Karani akasimama. "Ndugu zangu, tumetafuta ukweli, na ukweli tumeupata. Ukoo ni damu. Marehemu baba hakuacha wosia, kwa hiyo nyumba inafuata mstari. Dada... yaani, huyu, tutampa muda ajipange."

"Huyu ni nani?" Fundi akauliza. "Huyu ni nani, Karani?"

"Usinichukie. Maneno si yangu. Muulize Shangazi."

Akanigeukia. Watu thelathini wakanigeukia.

"Shangazi, ni kweli?"

"Ni kweli hukutoka tumboni mwa mama yako. Lakini, mwanangu..."

"Ukamwambia yeye." Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Miaka thelathini na minane unakula kwetu, unalala kwetu ukiumwa, nakushonea magauni. Hukuona siku hata moja ya kuniambia mimi. Ukamwambia yeye."

Babu Redio akasimama kwa fimbo yake. "Karani! Marehemu alipokuwa hawezi kugeuka kitandani, nani alimgeuza? Mstari wako huo?"

"Babu, kuuguza hakugeuzi damu."

"Basi na damu yako ilikuwa wapi? Ilikuwa safarini?"

Wachache walicheka. Wengi walitazama viatu vyao. Kulikuwa na ndugu walioona aibu, na kulikuwa na waliokwisha kuahidiwa chumba cha kufikia wakija mjini. Wote walinyamaza sawasawa, na mwenye kuumia hawezi kutofautisha kimya cha aibu na kimya cha kununuliwa.

Kesho yake nilimfuata Fundi nikiwa na watu wawili wenye kujua sheria. Tulimsihi aende mahakamani, tulimwambia ana haki.

"Nikamwambie nini hakimu?" akasema. "Kwamba naomba kibali cha kuwa mtoto wa baba yangu? Na akininyima, nitamlia nani?"

Ijumaa alihama. Cherehani zilitoka, kioo kikatoka. Meza haikutoka, kwa sababu kaka yangu aliiundia ndani ya chumba kile kile na haikuwahi kuwa na nia ya kupita mlangoni. Wabeba mizigo waliilaza upande, wakaisimamisha, wakajaribu kuipitisha dirishani. Fundi akawaambia, "Iacheni. Asante." Hakunitazama.

Karani akahamia. Karatasi ya ukoo akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika sebuleni. Akatuita Jumapili tuendelee na kazi, maana vizazi vya upande wa mama vilikuwa havijakamilika. Nani aende? Kila mtu alikumbuka jambo lake la penseli. Binamu wawili waligombana mpaka leo hawasalimiani, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kuwa amempa Karani habari za mama yake. Alipomfuata Babu Redio nyumbani, yule mzee aliyekuwa haishiwi maneno alimwambia, "Niulize habari za mvua, mwanangu. Za ukoo sina. Mimi niliota tu kama uyoga." Akafunga mlango.

Mimi nilikaa miezi saba najikusanya. Kisha nikaenda kumtafuta Fundi. Nilimkuta kwenye kichumba cha kupanga, upande wa pili wa mji, cherehani zimebanana ukutani, anakatia vitambaa juu ya godoro. Amekonda kidogo. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, mama. Karibu. Ni gauni jipya au ni marekebisho?"

Mama. Kama anavyomwita kila mwanamke mzee anayeingia dukani.

"Ni mimi, mwanangu. Ni Shangazi."

"Nakuona, mama. Simama hapa penye mwanga nikupime."

Alinipima kama anavyojua yeye: mabega, kifua, kiuno, urefu. Mikono yake ilikuwa na upole ule ule. Nilijaribu kusema niliyoyapanga njia nzima. Nikasema nisamehe, nikasema nilidanganywa, nikasema uzee. Alisikiliza mpaka mwisho, futi ikiwa shingoni, wala hakunikatiza.

"Nimekusikia, mama," akasema. "Litakuwa tayari Alhamisi."

Akafungua daftari la wateja, akashika kalamu.

"Niandike jina gani?"

Mimi niliyetaja majina ya vizazi saba bila kukosea, nilisimama pale sina la kumjibu. Kisha akaandika kipimo cha mabega, na mahali pa jina akapaacha wazi.

Funzo

Kutafuta asili yako si dhambi. Mtoto ajue babu zake, ni jambo jema. Lakini anayechimba ukoo ili apate pa kumkatia ndugu yake, huyo anachimba shimo, na ukoo mzima utatumbukia humo pamoja naye. Karani alipata nyumba ya vyumba vinne, akapoteza kila mtu ambaye angebisha hodi.

Ninyi mliolea mtoto wa tumbo la mwingine, mwambieni mapema, kwa vinywa vyenu, akiwa amekaa miguuni penu na anajua kuwa anapendwa. Kaka yangu na wifi yangu walikuwa watu wema, na wema wao walishindwa kuukamilisha kwa neno hilo moja.

Na sisi wazee, jamani. Tunaona raha tukiulizwa, tunasahau kuuliza anayetuuliza anataka nini. Habari ya mtu ni mali yake hata kama wewe ndiye unayeijua. Kama unayo kifuani habari inayomhusu mwenzako, usimpe mwingine kwa kisingizio chochote, hata cha penseli. Mpelekee mwenyewe. Nenda leo, angali anakuita kwa jina la udugu.