Valvu Kwenye Beseni

Duka la vipuri lilikuwa limefurika, kila mtu ananyoosha mkono juu ya kaunta. Katikati ya wanaume wenye ovaroli chafu alisimama mshonaji mmoja, gauni lake la njano limepigwa pasi, anaipimapima gasketi kama kitambaa.

"Dada, ukifunga hiyo, mafuta yatavuja mpaka barabarani," alisema mtu nyuma yake.

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Hakuna. Mimi fundi magari, wananiita Grisi."

"Basi kaka Grisi, nipishe, usije ukanichafulia nguo."

Grisi alicheka, akampisha. Hajafika mlangoni, mshonaji akageuka kumuuliza gasketi sahihi ni ipi. Alipoondoka, namba yake ya simu ilibaki kwa fundi. Ndiyo hivyo, jamani, mapenzi hayachagui pa kuanzia.

Gari lililohitaji gasketi hiyo lilikuwa la baba yake mshonaji, dereva wa teksi wa zamani, sasa kalazwa chumba kinachotazama uani, mapafu yamechoka. Hospitali walishasema arudi tu nyumbani. Mzee alibaki na ombi moja: injini yake iliyokufa ifufuliwe, aisikie ikiunguruma pale dirishani kabla hajafumba macho.

"Sindano wangu, umekula?" Grisi alimuuliza mshonaji kwenye simu.

"Nimekula. Kesho unakuja kushusha injini au unakuja kunitazama?"

"Vyote viwili. Na siku ikiwaka, naingia kwa mzee na mikono yangu hii hii, namwomba anioze."

"Mikono utanawa kwanza," alisema.

Wakafagia ua, wakatundika turubai, wakaining'iniza injini kwa mnyororo. Juu ya meza ya kukatia nguo wakatandika shuka kuukuu. Fundi akafungua hedi, kile kichwa cha injini, akatoa valvu moja moja, akazipanga kwenye shuka kwa kufuata matundu yake, maana valvu ikishazoea kiti chake haikubali cha jirani. Hakuweka alama. Hakumwambia mtu. Akaenda zake kutafuta ringi za pistoni.

Hapo shangazi akapiga simu: yuko njiani anakuja kumwona mgonjwa. Mshonaji akaitazama ile meza, aibu ikamshika. Akazikusanya valvu zote, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazisugua, akazirundika kwenye beseni. Moyoni anajiambia, mpenzi wangu atafurahi.

"Nani kagusa hapa?" Grisi aliuliza aliporudi.

"Mimi. Ona zilivyotakata!"

"Umezichanganya! Sasa zote zisagwe upya mpaka zikubali viti vyake! Baba yako atakufa injini haijawaka, na mikono iliyomnyima ni hiyo yako!"

Dirisha la mgonjwa lilikuwa wazi.

"Toka," mshonaji alisema. "Toka kwetu."

Alitoka. Akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, haukujibiwa. Na kwa kweli alistahili. Fundi gani anafungua hedi bila kuweka alama? Hasira hasara, na hasara hii ilikuwa inalipwa kwa pumzi za mzee.

Mzee mwenyewe ndiye aliyempigia. "Njoo umalize kazi."

Grisi alisimama mlangoni mwa chumba, kichwa chini. "Nisamehe mzee. Najua ulisikia."

"Mapafu ndiyo mabovu, masikio mazima." Akakohoa kwa muda mrefu. "Wewe hukusema, na huyu binti yangu hakuuliza. Shikeni kazi. Mimi sina muda wa nyinyi kununiana."

Wakakaa bega kwa bega wakisaga valvu. Mshonaji alishona kitambaa chenye vifuko, kila kifuko na namba yake, na kila valvu iliyosagwa ikaingia mahali pake.

"Neno langu lilikuwa baya, Sindano."

"Lilikuwa baya. Na mimi naogopa lisije likawa kweli. Wewe saga."

Kila asubuhi sauti ilitoka dirishani, kila siku imepungua. "Bado?"

"Bado kidogo, baba."

Asubuhi moja hakuuliza. Hedi ilikuwa imeshafungwa, injini ingali kwenye mnyororo.

Waliirudisha garini baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika. Mshonaji, kavaa gauni jeusi alilojishonea mwenyewe, akakaa kwenye usukani na kuwasha. Ikakohoa, ikakataa. Akajaribu tena. Ikawaka, ikaunguruma vizuri kabisa.

"Baba, umesi..." alianza, uso kaugeuzia dirishani.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Akauinamia usukani, akalia kwa sauti.

"Nizime?" Grisi aliuliza.

"Usizime."

Akasimama pale anafuta mikono kwa tambara, haitakati. "Nilitaka kumwomba yeye. Sasa nimwombe nani?"

Mshonaji alijifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Kanawe, Grisi. Kisha urudi uniombe mimi."

Akaenda bombani kunawa, injini ikiendelea kuunguruma uani.