Jiwe la Vijia

Kidawa alitoka kwenda kuchuma majani ya mwarobaini jua likiwa limeshainama. Mwanawe Aziza alikuwa na homa tangu juzi, na dawa za zahanati hazikuwa zimemshusha joto. Mwarobaini wa karibu ulikuwa porini, nyuma ya kijiji chao cha Kiegeani, penye jiwe.

Hakuna aliyejua jiwe lile lilichongwa na nani. Juu yake kulikuwa na vidimbwi, vingazi, vijumba vidogo kama ngumi, na vijia vya maji vilivyoshuka kila upande. Mgeni mmoja kutoka Utende aliwahi kusema Wainka, watu wa kale wa Peru, nao waliacha jiwe la namna hiyo, na wataalamu wangali wanabishana: ramani ya maji, au mahali pa kutolea sadaka? Kiegeani hawakubishana. Walipita mbali tu.

Alipolikaribia, harufu ilimfikia kwanza. Ubani... na damu mbichi.

Bi Shani, mkunga aliyemzalisha alipojifungua Aziza, alikuwa amechutama juu ya jiwe, akimimina kitu chekundu kutoka kwenye kibuyu.

"Shikamoo, bibi," Kidawa alinong'ona.

"Marahaba. Rudi nyumbani."

Hakurudi. Wekundu uliteremka polepole, ukakata kona, ukaelekea kijumba chenye kisima ubavuni. Kisima kama kile alichokichimba mumewe nyumbani mwaka jana.

Ilikuwa nyumba yake.

"Unafanya nini, bibi?"

"Naliuliza jiwe tu. Zamani tuliliuliza habari za mvua. Siku hizi linajibu mengine."

"Wekundu huu unakuja kwangu."

"Naona."

Kidawa alichota udongo. Bi Shani akamdaka mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki.

"Ukiuziba hapa, wenyewe utapita kwingine, mwanangu."

Akaziba.

Wekundu ukasimama... ukatetemeka... ukageuka. Ukaingia kijumba cha pili, chenye baraza ndefu. Kwa jirani yake, Saleha.

Kidawa alikimbia. Nyumbani alimkuta Aziza ameketi kitandani, mwili umepoa, anaomba uji.

Hakumpa. Miguu ilimpeleka kwa Saleha.

Saleha alikuwa barazani, amempakata mwanawe Sudi aliyelala. Alimkaribisha kwa tabasamu, akasogea kumpa nafasi mkekani. Kidawa akakaa. Alitaka kuuliza hali tu, lakini neno likamtoka lenyewe.

"Pole, shoga yangu."

"Pole ya nini?"

Macho ya Kidawa yakamwendea Sudi. Saleha alimtazama usoni.

Kisha akainamisha macho kwa mtoto, akamgusa paji la uso.